Mashine inafua lakini nguo hazitakati: tafuta kosa kwenye joto la maji na programu

Fundi akiitwa kuangalia mashine "isiyofua vizuri", mara nyingi anakuta mota nzima, pampu nzima na bodi haina kasoro. Kosa liko kwenye kitufe: joto lililochaguliwa haliendani na uchafu, programu haiendani na mzigo, au mashine imeambiwa ipashe maji wakati haina cha kupashia. Kabla hujafungua skrubu hata moja, jua mambo mawili: mashine yako inapasha maji yenyewe au haipashi, na maji yanayoingia yana joto gani.

Mashine za mlango wa mbele karibu zote zina hita chini ya dramu, ya wati 1,800 hadi 2,000 hivi. Zinavuta maji ya kawaida kwa mpira mmoja, zinayapasha, na sensa ya joto iliyokaa jirani na hita ndiyo inayoiambia bodi ikate lini. Kwa hiyo 40 au 60 ya kwenye kitufe ina maana.

Za mlango wa juu ni habari nyingine. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu hazina hita. Zenye viingilio viwili vya maji zinachanganya tu kile unachozipa: "Hot" inafungua valvu ya maji ya moto, "Warm" inafungua zote mbili, "Cold" inafungua ya baridi. Zile za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, hazipashi kabisa. Ukitaka maji ya moto unamimina mwenyewe kwa ndoo, na yasizidi nyuzi 50 maana pipa ni la plastiki.

Kama huna uhakika, soma kibati cha nyuma au cha ukingoni mwa mlango. Kikisema nguvu ya juu ni wati 1,900 au 2,100, hita ipo. Kikisema wati 350 au 500, haipo, na hakuna kitufe kitakachobadilisha hilo.

Kisha maji yenyewe. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, simtanki jeusi lililoshinda juani linaweza kutoa maji ya nyuzi 30 na zaidi ifikapo saa tisa alasiri. "Cold" ya hapo inafanya kazi ya 30. Njombe, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai, maji ya alfajiri yanaweza kuwa chini ya nyuzi 15, na sabuni ileile, programu ileile, itakupa matokeo mengine. Anayehamia nyanda za juu na mashine yake kutoka pwani huanza kulalamika sabuni imekuwa feki.

Umechagua 60, kioo cha mlango ni baridi

Dakika 25 hivi baada ya mashine kuanza, weka kiganja kwenye kioo. Kwa Cotton 60 kioo kinatakiwa kiwe cha moto wa kukufanya uondoe mkono. Kama ni vuguvugu au baridi, fuata mpangilio huu, kuanzia kisichogharimu kitu.

Angalia kwanza mpira wa kutolea maji machafu. Katika nyumba nyingi umelazwa tu sakafuni bafuni, mdomo ukielekea kwenye tundu la maji. Mpira huo unatakiwa upande hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, usizidi 100, ndipo ushuke. Ukilazwa chini, maji yanajitoa yenyewe kwa mvuto wakati mashine bado inayajaza. Mashine inaona kina kimepungua, inafungua valvu tena, maji baridi yanaingia, hita inaanza upya. Na hita nyingi haziruhusiwi kuwaka mpaka maji yafike kiwango fulani, kwa hiyo huenda isiwake kabisa. Dalili zake ni tatu: muda uliobaki kwenye skrini hausogei, sauti ya maji kuingia inasikika kila baada ya dakika chache, na tundu la bafuni lina mtiririko mwembamba usiokatika. Inua mpira, ufunge kwa waya kwenye bomba au uupitishe kwenye kishikio cha plastiki kilichokuja na mashine. Ni kazi ya dakika tano, lakini watu wamebadilisha hita kwa sababu yake.

Pili, hakikisha programu yenyewe inafika huko. Eco 40-60 haifikishi maji nyuzi 60, hata jina likisema hivyo. Maana yake tutaiona chini. "Quick" ya dakika 15 hadi 30 haina muda wa kupasha lita 12 hadi 15 za maji hadi 60, na nyingi zimefungiwa 30 au 40. Ukitaka 60 ya kweli, chagua Cotton 60, au ile inayoandikwa "Hygiene", "Allergy" au "Baby", kutegemea aliyeitengeneza.

Tatu, pima kama hita inakula umeme. Mita ya Luku ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Tafuta mita yenyewe, ya ukutani au nguzoni, maana kile kifaa cha kuingizia tokeni ndani ya nyumba si mita. Karibu na taa pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti. 1000 imp/kWh ni ya kawaida, ingawa zipo za 1600 na 3200. Zima friji, jiko na pasi. Washa Cotton 60 dramu ikiwa tupu, subiri maji yaingie, kisha hesabu mipepeso ya dakika moja. Kwa mita ya 1000, mashine inayozungusha dramu tu inapepesa mara chache, tatu au tano. Hita ya wati 2,000 ikishika, taa inapepesa mara 33 hivi, yaani karibu kila sekunde mbili. Kama robo saa imepita tangu maji yaingie na taa bado inasuasua, hita haiwaki.

Usikimbilie dukani bado. Umeme ukishuka, hita inadhoofika kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nguvu yake inafuata mraba wa volti. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inatoa wati 1,225 tu volti zikiwa 180, jambo la kawaida saa mbili usiku kwenye mtaa wenye transfoma iliyozidiwa. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji uniti 0.6 kwa maji peke yake: dakika 18 umeme ukiwa mzima, nusu saa umeme ukiwa hivyo. Baadhi ya mashine husubiri, nyingine zina ukomo wa muda na zinaendelea na maji yakiwa vuguvugu, au zinatoa alama ya kosa. Rudia jaribio saa nne asubuhi. Kama inapasha vizuri, mashine haina ugonjwa.

Ikiwa hata asubuhi haipashi, chomoa plagi ukutani, fungua kifuniko cha nyuma (kwa mashine nyingine hita iko mbele, chini) na upime kwa multimita. Ondoa waya moja ya hita kwanza. Hita nzima ya wati 2,000 inasoma omu 26 hivi, ya 1,800 inasoma 29. Ikisoma mkondo umekatika, imekufa. Kisha pima kati ya ncha ya hita na mwili wake wa chuma: hapo hapatakiwi kusomeka chochote. Sensa ya joto, ile yenye waya mbili nyembamba, haina namba moja kwa mashine zote, ila tabia yake ni moja: ukiichovya kwenye maji ya vuguvugu omu zinashuka, kwenye maji ya baridi zinapanda. Isiposogea, badilisha. LG huionyesha kwa tE; Samsung hutoa HE au HC kwa upande wa kupasha.

Breka inakata dakika kumi baada ya kuanza

Huu ndio ugonjwa unaojitambulisha wenyewe. Ukichagua Cold inafua hadi mwisho. Ukichagua 40, inajaza maji, inazunguka kidogo, kisha breka kubwa ya kwenye boksi, ile yenye kitufe cha T, inaanguka na nyumba nzima inakuwa giza. Hita inavujisha umeme kwenda ethi. Ganda lake limetoboka au limepasuka, mara nyingi kwa kutu ya maji ya kisima yenye chumvi, na maji yamefika kwenye waya wa ndani.

Dawa ni hita mpya, yenye wati na urefu uleule. Kuna fundi atakayependekeza kukata waya wa ethi ili "isisumbue". Mfukuze. Ethi ikikatwa umeme hauishi kuvuja, unabaki kwenye bati la mashine ukisubiri mtu mwenye miguu yenye maji. Ukiwa unangoja kifaa, tumia Cold tu, kama breka inaikubali.

Kama kinachokata ni breka ndogo ya soketi, au plagi inanuka plastiki iliyoungua, usiitafute hita. Wati 2,000 ni karibu ampea 9 kwa muda mrefu, na ekstensheni za bei ya chee zinayeyuka. Mashine yenye hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Programu inachukua saa tatu na nusu

Eco 40-60 imewekwa na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Machi 2021, na kwa kuwa mashine zilezile zinauzwa hapa, tunaikuta kwenye paneli zetu. Imetengenezwa kufua pamba zenye uchafu wa kawaida, zile zenye lebo ya 40 na za 60 pamoja, kwa umeme na maji kidogo. Inachofanya ni kubadilisha joto kwa muda: maji yanapashwa kidogo, dramu inazunguka sana. Dramu ikijaa, saa tatu na zaidi si hitilafu.

Inafaa kwa shuka za kila siku, taulo na mashati. Haifai pale unapohitaji joto lenyewe, kama matandiko ya mgonjwa, nepi za kitambaa au shuka za mtoto mwenye pumu. Utitiri wa vumbi unakufa maji yakivuka nyuzi 55, na Eco haikuhakikishii hilo.

Muda ukiongezeka kwenye programu nyingine yoyote, kwa mfano saa 1:20 ikawa saa 2, sababu za kawaida ni mbili: maji yanapashwa polepole, au povu limezidi na mashine imeongeza kusuuza.

Nyeupe zinageuka kijivu, au zinaota njano

Tenganisha rangi hizo mbili, maana sababu zake ni tofauti.

Kijivu kinachokuja taratibu kwenye mashati ya shule, shuka na kanzu kinatokana na uchafu uliotoka kisha ukarudi kwenye nguo. Sabuni ni kidogo kwa maji yalivyo magumu (yenye chokaa nyingi), mzigo ni mkubwa, au kila kitu kinafuliwa kwa baridi na mafuta ya mwili hayayeyuki. Kwa mzigo wa kilo 5 hadi 6 wenye uchafu wa kawaida, gramu 60 hadi 80 za sabuni ya unga ya mashine zinatosha kwenye maji laini. Kwa maji ya kisima yasiyotoa povu kirahisi ongeza hadi theluthi. Dramu ya Cotton ijazwe hadi kiganja kilichosimama kipite juu ya nguo. Kisha panda 40, na mara moja kila wiki tatu au nne zipe nyeupe za pamba 60.

Tumia sabuni ya unga kwa nyeupe. Ya unga nyingi ina kemikali ya kung'arisha kwa oksijeni, na ile inayoisaidia kufanya kazi kwa joto la chini huanza kuonyesha nguvu kwenye nyuzi 40 hivi. Sabuni ya maji kwa kawaida haina hiyo. Anayefua kanzu kwa sabuni ya maji na Cold kisha anashangaa kola ina mstari wa hudhurungi amejinyima silaha mbili kwa mpigo.

Njano au madoa mekundu yanayojitokeza ghafla baada ya kutia Jiki ni kitu kingine kabisa. Maji ya baadhi ya visima yana chuma kilichoyeyuka, hakionekani kwa macho. Klorini inakigeuza kuwa kutu palepale, juu ya kitambaa. Ukiongeza Jiki ili kutoa njano hiyo unaipaka zaidi. Acha klorini, loweka nguo nyeupe za pamba saa moja kwenye maji yenye vijiko viwili vya asidi ya sitriki kwa lita 5, suuza vizuri, kisha fua kawaida. Sitriki na siki visikutane na Jiki hata kwenye ndoo iliyobaki matone, maana mchanganyiko unatoa gesi ya klorini.

Doa limeshika badala ya kutoka

Damu, maziwa, mayai na uji wa mtoto ni protini. Ukizipeleka 60 moja kwa moja zinaiva ndani ya nyuzi za kitambaa. Suuza kwa maji ya baridi, loweka nusu saa kwa sabuni yenye vimeng'enya, kisha fua kwa 30 au 40. Mashine ya mlango wa mbele ina nafuu hapa kwa kuwa inaanza na maji ya baridi na kupanda taratibu. Ya mlango wa juu yenye mpira wa maji ya moto inamwagia doa joto lote mara moja.

Mafuta ya kupikia, mawese, samli na losheni vinakwenda kinyume. Baridi inayagandisha. Paka sabuni ya maji ya vyombo kwenye doa, acha dakika 10, kisha 40 au zaidi kadiri lebo inavyoruhusu. Doa la biriani lina mafuta na manjano pamoja: mafuta yanatoka kwa sabuni na joto, manjano yanayobaki yanapaukia juani.

Usipige pasi wala kuweka kwenye kikaushio nguo ambayo doa halijaisha.

Nguo zinavunda hata zikitoka kwenye mashine

Harufu inayotoka mara tu nguo inapolowa jasho, au taulo inayonuka ukijifuta uso, ni ya bakteria na utando uliojenga ndani ya mashine. Unaletwa na mazoea matatu yakikaa pamoja: Cold kila siku, sabuni ya maji pekee, na kilainishi cha nguo kwa wingi. Pwani unyevunyevu unaongeza la nne, mlango kufungwa mara nguo zinapotolewa.

Anza na usafi wa vitu vinavyoonekana. Vuta mpira wa mlango ukunje ndani nje, ufute ute mweusi kwenye mkunjo wa chini. Toa droo ya sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, pamoja na dari ya tundu lake, maana uvundo mwingi uko pale juu. Fungua kichujio cha pampu chini mbele. Weka sinia, toa maji kwa kimpira kidogo kwanza, ndipo uzungushe kifuniko. Kisha endesha mashine tupu kwa Cotton 90, au "Drum Clean", na sabuni ya unga nusu ya kipimo. Rudia kila mwezi. Kwa umeme, kupasha lita 15 hadi 90 ni uniti 1.1 hivi, pamoja na kidogo cha kuzungusha.

Zilizokwisha kuvunda, taulo na fulana za pamba, zifue 60 na sabuni ya unga, bila kilainishi. Nguo za michezo za poliesta haziruhusu 60. Ziloweke usiku kwenye sabuni ya oksijeni na maji ya 40.

Maji magumu na hita iliyovaa magamba

Wanaotumia kisima au maji ya Dodoma wanaijua hii kwenye birika. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji inaganda pale maji yanapopashwa, kwa hiyo hita ndiyo inayovaa kwanza. Gamba linazuia joto kutoka, chuma cha ndani kinapata moto kupita kiasi, na hita inakatika kabla ya wakati. Tia gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya dramu tupu, Cotton 60, bila sabuni, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Usipande hadi 90: kwa moto mkali sitriki na chokaa vinatengeneza magamba mapya. Siki ikitumiwa mara kwa mara inachosha mipira.

Maji yenye chumvi ya kuonja ulimini hayatibiki kwa sitriki. Yanakula hita na ule mkono wa aluminiamu unaoshika dramu kwa nyuma. Kama una maji ya mvua au ya bomba hata kidogo, yatumie kwenye mashine na yale ya chumvi yabaki kwenye kudekia.

Rangi imechuja, nguo imesinyaa, mikunjo haitoki

Kanga na kitenge kipya vinachuja kwa sababu rangi ya ziada bado imekaa juu ya kitambaa. Fua peke yake mara mbili tatu za mwanzo, Cold, programu fupi, na utoe mara inapomaliza. Doti ya kanga iliyolala imelowa ndani ya dramu usiku kucha inahamishia rangi kwenye pindo jeupe hata bila maji ya moto. Chumvi na siki havishikishi rangi iliyotiwa kiwandani. Ikishachuja kwenye nyeupe, usianike: rudisha ikiwa mbichi, na sabuni ya oksijeni, kwa joto la juu kabisa ambalo lebo inaruhusu.

Lebo nyingi, hata za mitumba, zina alama zilezile. Beseni lenye nukta moja ni 30, mbili 40, tatu 50, nne 60. Mstari mmoja chini ya beseni ni programu ya upole, miwili ni upole zaidi. Mkono ndani ya beseni ni kufua kwa mkono, na mashine yenye programu ya "Wool" au "Hand Wash" inaweza kuibeba, kwa kilo 1 hadi 2 tu. Sweta za sufu zinasinyaa kwa kusuguliwa na kubadilishiwa joto ghafla, kwa hiyo Cotton 30 nayo inaziharibu.

Abaya, suti za shule za poliesta na mapazia zinatoka na mikunjo kama karatasi pale zinapofuliwa kwa Cotton. Programu ya "Synthetics" inatofautiana kwa mambo ambayo hayaonekani kwenye kitufe: inatumia maji mengi zaidi kwa kilo, mara nyingi inapoza maji taratibu kabla ya kuyamwaga, na inakamua kwa mizunguko 800 kwa dakika au chini ya hapo. Poliesta iliyokamuliwa ikiwa ya moto inakariri mikunjo. Jaza nusu ya dramu, 30 au 40, na mizunguko 600 kwa abaya. Jezi zenye namba za kubandika: zigeuze ndani nje, 30, basi.

Chembe nyeupe kwenye nguo nyeusi, povu mpaka kwenye droo

Chembe ni sabuni ya unga isiyoyeyuka: maji ya baridi sana, programu ya dakika 15, au dramu iliyoshindiliwa. Kwa nyeusi tumia sabuni ya maji, au yeyusha unga kwenye jagi la maji ya vuguvugu kabla ya kuutia. "Quick" ni ya kilo 1 hadi 2 zilizovaliwa mara moja, na nusu ya kipimo cha sabuni. Ukiipa kilo 6, hata kusuuza haitamaliza.

Povu jingi linatokana na sabuni ya kufulia kwa mkono. Imetengenezwa itoe povu beseni lijae, na ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo linakuwa godoro: nguo hazigongani, uchafu hautoki. Zima, endesha "Rinse + Spin" na kijiko cha kilainishi kwenye sehemu yake, kisha nunua sabuni iliyoandikwa ni ya mashine.

Inasimama kwenye kuingiza maji

LG itaandika IE, Samsung 4E au 4C. Kwanza chagua Cold. Kama inaendelea vizuri kwenye Cold lakini inakwama kwenye Warm, na ni ya mlango wa juu, kiingilio cha moto hakina maji. Kama huna heita ya nyumba, tumia kiunganishi cha umbo la Y upeleke maji ya baridi pande zote mbili, ukijua kuwa Warm na Hot sasa ni majina tu. Samsung ikitoa 4C2, mpira wa moto umewekwa kwenye kiingilio cha baridi.

Ikikwama kwenye joto lolote, pima presha. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.5, baadhi 0.3. Kila mita ya kimo cha simtanki juu ya mashine ni bar 0.1, hivyo tanki lililo mita 3 juu linakupa 0.3, kabla bomba jembamba halijapunguza. Fungua mpira, kinga ndoo ya lita 20: ijae ndani ya dakika mbili na nusu. Isipojaa, safisha kwanza kichujio cha wavu kilicho ndani ya kiingilio, nyuma ya mashine. Kinatoka kwa koleo na mara nyingi kimejaa mchanga na utelezi wa tanki. Bado? Inua tanki, au weka pampu ndogo ya presha inayojiwasha.

Mashine kwenye sola au jenereta

Inveta ya wati 1,500 itafua Cold bila shida, maana mota ya mashine ya mlango wa mbele inakula wati mia chache. Ukigusa 40, inveta inajizima hita inapowaka. Chagua "Cold", tumia sabuni ya maji au iliyoyeyushwa, na uache mzigo wa 60 kwa siku ya umeme wa gridi. Hakikisha pia programu haina joto lililofichwa: kwenye baadhi ya mashine "Baby" na "Drum Clean" hazikubali kushushwa, na Eco inapasha hata kama skrini haionyeshi nyuzi.